Kivumbasi cha Uani

Kusum alirudi kuitazama nyumba aliyozaliwa, akamkuta mpangaji, Bi Zuwena, aking'oa kivumbasi kilichojiotea uani.

"Usikitupe, dada," alimwambia. "Marehemu baba alikuwa tabibu wa Kihindi. Mtu akibanwa na kifua, alimchemshia majani haya kwa tangawizi."

Ndani, mume wa Bi Zuwena alikohoa mfululizo.

"Basi karibu, tuchemshie," alisema Bi Zuwena.

Kusum alisita. Utotoni alikuwa akipikicha majani tu. Dawa aliipika baba. Hata hivyo aliingia, akayapikicha na kuyatia sufuriani. Harufu ilipopanda, machozi yalimlengalenga. Mgonjwa aliinamia mvuke, akavuta pumzi, na Kusum akajikuta anaimba kwa Kigujarati wimbo wa jikoni wa baba yake, ubeti baada ya ubeti.