Mangi wa Kiingereza

"Hapo hapo, mume wangu, usinyamaze!" Bibi Ndeshi alimnong'oneza mjukuu wake, jicho kwenye saa ya marehemu mumewe. "Bado nusu dakika."

Alex, mwenye miaka minane, hakunyamaza. Mbele ya kompyuta ya intaneti kafe pale Karatu mjini alikuwa anamwaga Kiingereza mfululizo, na mwalimu wake ndani ya kioo anacheka mpaka anafuta machozi. Dakika ilipotimia, Bibi alitoa kikapuni taji alilolisuka kwa maganda ya mahindi, akamvisha mbele za watu.

"Leo wewe ndiye Mangi, chifu wetu," alitangaza. "Mtori wa ndizi ukiiva, bakuli la kwanza ni lako. Baba yako atasubiri."

Wiki tano nyuma mambo hayakuwa hivyo. Aikaeli, baba yake Alex, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka mwanawe aingie shule moja ya Inglishi Midiamu nje kidogo ya mji. Usaili ulikuwa wa kuongea tu, na nafasi ilibaki moja. Akamtafutia mwalimu, Hhando, kijana wa Ganako, hapo hapo Karatu, aliyekuwa anasoma Uingereza mwaka wa tatu, amfundishe kila Jumamosi kwa kompyuta. Alex, ambaye uwanjani na watoto wa wakulima wenyeji wa Karatu hakuna aliyemshinda mdomo, mbele ya kamera alikuwa bubu. Akiulizwa, anatazama dari. Jumamosi ya pili Aikaeli akasema basi, inatosha.

Ndipo mama yake akaingilia. Bibi Ndeshi alikuwa ametoka Machame, Uchaggani, mwezi ule ule, kuja kukaa kwa mwanawe baada ya kufiwa. Magoti yalimsumbua, hivyo alijua njia tatu tu: ya nyumbani, ya kanisani na ya kafe. Majirani wote walikuwa Wachagga wenzake wenye maduka, hata mara nyingine alisahau kuwa amehama. Kilichomuuma ni kukosa kazi. Mtu mzima umekaa tu kwenye nyumba ya watu, unaletewa chai kama mgeni!

"Niachie mimi," alimwambia Aikaeli. "Wewe na wenzako niliwalea kwa fimbo. Huyu nitamlea kwa zawadi. Asipoongea siku ya usaili, nikatie tiketi nirudi Machame, wala sitanung'unika."

"Mama, kwani Kiingereza unakijua?"

"Tofauti ya kuongea na kunyamaza naijua."

Basi akaanza. Sheria ilikuwa moja: ukiongea dakika nzima bila kukwama, unapata zawadi. Za kununua hakuzitaka. Mtoto wa mwenye duka ameshashiba vya dukani. Alikata nyota kwenye makaratasi yanayong'aa ya pakiti za sigara. Alitoboa vizibo vya soda akavitunga uzi, vikawa nishani. Kanga iliyochakaa ikawa mkanda wa bingwa. Juu ya zote, taji.

Jumamosi ya kwanza ya sheria hiyo Alex alifikisha sekunde kumi, akapewa nusu ya nyota, akalia. Ya pili akamwambia mwalimu neno fulani kwa sauti ya chini, kwa aibu. Hhando alimkodolea macho. Halafu uso ukamchanua kama mtu aliyeletewa barua ya kwao. Tangu hapo hawakushikika. Walisimuliana, walibishana, walitaniana. Mwalimu mwenyewe akawa hataki saa iishe.

Sabina, binti wa kijiji cha Rhotia aliyesimamia kafe, kila Jumamosi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Anaongea vizuri?" Bibi alimuuliza.

"Bibi," Sabina alijikaza, "huyu anaongea kama amezaliwa nacho."

Bibi alijivuna wiki nzima. Alitaka kwenda kumtambia Aikaeli, lakini Alex alimsihi wasiseme. Baba ashtukizwe siku yenyewe ya usaili. Bibi akakubali, maana kuwa na siri na mjukuu ni raha. Alifurahi kweli, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Naye, kwa kukaa nyuma ya kiti cha Alex Jumamosi zote hizo, aliokota ya kwake. Aliishika salamu yao ndefu waliyoanza nayo kila mara, jinsi ya kuianza na jinsi ya kuiitikia, akaifanyia mazoezi jikoni, akisalimiana na sufuria. Kumbe Kiingereza si kigumu, alijiambia. Watu wanatishana bure.

Siku ya usaili walikwenda watatu, Aikaeli kavaa tai. Mwalimu mkuu, mama wa Kizungu, aliwapokea barazani, akainama kumsemesha Alex. Alex akajibanza kwa bibi yake. Akamsemesha tena, taratibu zaidi. Mtoto alimng'ang'ania bibi yake mkono, macho yako darini.

Aikaeli alianza kulegeza tai. Bibi Ndeshi aliliona basi la Machame likimjia. Hapana, si baada ya vizibo vyote vile! Mtoto ameingiwa na hofu tu, anahitaji wa kumfungulia njia. Akapiga hatua mbele, magoti na maumivu yake, akamtazama yule mama usoni na kumwaga salamu yote, ndefu ile, bila kukwama hata mara moja.

Mama wa Kizungu alitabasamu kwa adabu, akamgeukia Aikaeli amtafsirie. Aikaeli alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

Nyuma yao mlinzi aliliacha geti wazi, akavua kofia na kuiitikia salamu ile mpaka mwisho wake. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, bibi. Kumbe na wewe ni Mwiraqw kama sisi wa hapa! Ni wa Mbulu upande gani?"