Mwenye Akaunti

Kidole cha kwanza walikivunja kabla ya kumuuliza chochote, ili ajue hawakuja kwa utani.

Fundi alipiga ukelele, lakini ghorofa ya chini mashine nne za kufulia zilikuwa zinanguruma, na wenzake watano wa chumba walikuwa kazini. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu ya kuchomelea mabomba, bado yuko na ovaroli na buti. Walikuwa wamemfunga kwa waya wa umeme kwenye nguzo ya kitanda cha chuma, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya stuli.

Aliwajua wote wawili. Walikuwa watu wa kwao, wanaozungumza lugha yake, ndiyo maana aliwafungulia mlango bila wasiwasi. Mmoja aliwahi kuendesha basi la wafanyakazi, akabaki na jina la Dereva. Mwingine, mwenye nyundo, waliomzoea walimwita Shingo, kwa sababu hakuwa nayo.

"Miaka tisa uko huku," Dereva alisema. "Hunywi, huvuti, hununui hata shati. Hela yote iko benki ya nyumbani. Leo tunaitoa."

"Haitoki, kaka. Nimehangaika nayo mwaka mzima. Laini niliyofungulia akaunti ilishakufa. Benki wanataka niende mwenyewe, niweke kidole pale dirishani. Na pasipoti yangu ameifungia tajiri."

"Kidole?" Shingo aliinama juu ya stuli kama mtu anayechagua nyanya. "Kidole gani? Hiki?"

Nyundo ikashuka.

Safari hii Fundi alitapika. Dereva akamfuta mdomo kwa taulo, taratibu kama muuguzi, kisha akamzaba kofi lililomgongesha kichwa kwenye chuma.

"Usituone watoto. Mtu gani anaweka hela mahali asipoweza kuichukua?"

"Ni ya mguu wa binti yangu. Ana miaka kumi, mfupa unaoza. Daktari alisema wakichelewa wataukata. Chukueni mshahara wangu wa mwezi huu, chukueni hata hizi buti. Ile niachieni."

Shingo alikuwa ameshaanza kupasua godoro kwa kisu. Ndani ya mto akakuta kadi ya benki imeviringishwa kwenye soksi. Nyuma yake kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja. Dereva akatoa simu yake, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Utaongea nao mwenyewe. Unataja jina, wakiuliza maswali unajibu, wanafungua akaunti, tunahamisha. Dakika tano tu, unabaki na vidole vyako vilivyosalia."

Hapo ndipo Fundi alipobadilika. Mpaka dakika hiyo alikuwa akilia na kuomba kama ambavyo mtu yeyote angeomba. Sasa alitikisa kichwa, uso umekuwa mkavu.

"Siongei na benki."

"Unasemaje?"

"Vunjeni vyote. Siongei na benki."

Simu ikapokelewa. "Habari za mchana, karibu benki, nikusaidie nini?" Ilikuwa sauti ya dada mmoja mchangamfu.

Dereva alimsogezea simu mdomoni. Fundi akang'ata kola ya ovaroli. Shingo akapiga kidole cha tatu. Mwili wote uliruka, waya ukamchana ngozi, machozi na kamasi vikamchuruzika, lakini hakutoa hata mguno.

"Halo?"

Cha nne. Jino likapasuka ndani ya kitambaa.

"Halo, unanisikia?"

Dereva alitukana kimyakimya, akaivuta simu kwake. Akataja jina lililoandikwa kwenye kadi, akasoma namba zote. "Mimi ndiye mwenye akaunti," alisema. "Niko nje ya nchi, dada yangu, naomba unisaidie kutoa hela."

Vidole viligonga kibodi upande wa pili, kisha vikasita. Sauti iliporudi haikuwa na uchangamfu tena.

"Mwenye akaunti hii ni marehemu. Alifariki miezi mitano iliyopita, cheti chake tunacho hapa. Mjane wake ameshakabidhiwa fedha zote wiki iliyopita na akaunti imefungwa. Nyinyi matapeli, hata maiti hamziachi?"

Simu ikakatwa.

Shingo alimtazama Dereva. Dereva alimtazama Fundi, aliyekuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka.

"Mkeo amekuzika, kaka," Dereva alisema, kwa sauti nyingine kabisa. "Wewe unaungua na moto wa mabomba huku, mwenzio amekuzika akala hela."

"Tummalize," Shingo alisema. "Nani atamuulizia? Kwao ameshakufa." Akainua nyundo usawa wa kichwa.

Dereva alimdaka mkono. "Acha. Huyu, watu wa nyumbani kwake wameshamuua. Mimi sipigi maiti."

Wakakata waya. Shingo alitangulia kutoka. Dereva akasita mlangoni, akachomoa noti mbili mfukoni, akazitupa kitandani. "Kanunue dawa," alisema bila kumwangalia.

Fundi alisubiri hadi hatua zao zilipoishia kwenye ngazi. Kisha alijilaza sakafuni, akatema kipande cha jino, akaitafuta simu yake kwa mkono wa kushoto. Mkewe alipokea papo hapo.

"Hawakuukata, mume wangu! Daktari ametoka sasa hivi. Mguu umepona."

Fundi alifumba macho. Alijaribu kucheka, mdomo ukajaa damu.

"Sikiliza. Kuna watu wamepiga benki kwa jina langu. Huenda wakakuita wakuhoji."

"Waniite tu. Nitalia tena vilevile ulivyonifundisha siku ya kupeleka cheti."