Swali Lililokatwa

Kibibi aliutambua ukuta kabla hajaifikia kamba iliyozuia watu kuugusa. Ulikuwa ule wa bombani, mtaani kwao, uliokatwa na kuletwa kwenye jumba la makumbusho kwa maonyesho ya michoro ya barabarani. Ile ndoo ya buluu aliichora yeye mwenyewe, majirani wakimshikia ngazi. Lakini maneno yaliyobaki yalikuwa mawili tu: MAJI YETU.

"Hapa msanii anasherehekea neema ya maji," mwongozaji akawaeleza wageni.

"Sisherehekei kitu," Kibibi akasema. "Niliandika MAJI YETU YAKO WAPI? Mmelikata swali, mkaacha ndoo."

Mwongozaji akatabasamu kwa adabu. "Mama, kipande kile kilikuwa na nyufa. Hakikufaa kuonyeshwa."

"Na bomba letu ni kavu mpaka leo. Hilo nalo halifai kuonyeshwa?"

Hakungoja jibu. Alivuka kamba, akatoa rangi ya mdomo mkobani, na kwenye ukuta mweupe wa makumbusho, ubavuni mwa mchoro wake, akaanza kuandika kwa herufi kubwa. Mwongozaji akamwita mlinzi kwa kelele. Mlinzi akaja mbio, akasoma YAKO, akasimama palepale asimguse.

Kwenye herufi W rangi ikamkatikia mkononi. Kibibi hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akangoja.

Kisha, miongoni mwa wageni, ikasikika zipu ya mkoba ikifunguliwa.