Mchumba wa Jenerali

Foronya ilikuwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari, na Mzee Harlan Tidwell alikuwa akiisemesha.

"Tulia, Malkia. Leo ndiyo leo. Ukiharibu wewe, nimeharibikiwa mimi."

Ndani ya foronya nyoka alijikunja kimya. Pengine hakujua kwamba anaitwa Malkia. Jina hilo alikuwa amelipata juzi tu.

Malkia wa kwanza alikuwa dume. Harlan alimfuga miaka mingi kule Dryden kwa jina la Sajenti: nyoka wa jangwani mla panya, mpole, macho yamemtoka, tena wa ile rangi adimu ya nyasi kavu inayowatoa udenda wafugaji wa Texas nzima. Kisha kwenye karamu ya kanisa Harlan akakutana na Bi Eudelia Carrasco, mjane wa Terlingua, akamsikia akisema kwamba ana dume wa rangi hiyohiyo, aitwaye Jenerali, na laiti angempatia jike.

"Mimi ninaye jike," Harlan akasema. Ulimi hauna mfupa. "Anaitwa Malkia."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alimtia Sajenti kwenye foronya akaendesha gari hadi Terlingua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kutoka Dryden kwenda Terlingua. Nyoka wawili waliwekwa kwenye sanduku moja la kioo, na wazee wawili wakaketi mbele yake na kahawa ya mdalasini, wakisubiri mapenzi.

Madume wale walibanana shingo, wakasukumana, wakaangushana.

"Ndivyo wanavyotongozana," Harlan alieleza, jasho likimtoka.

"Naona," alisema Bi Eudelia, akamwongezea kahawa. "Haraka ya nini? Uje na Jumapili ijayo."

Harlan hakuwa amefurahi hivyo tangu mkewe afariki. Alinunua shati jipya. Alianza kunyoa ndevu hata siku asizotoka nyumbani.

Ndipo Crispín, kaka yake Bi Eudelia, alipopata habari kule Presidio. Crispín alifuga nyoka tangu utotoni, na hakuwapenda wanaume wanaokula bure kwa dada yake.

"Msimu unaisha, hata yai moja hakuna?" alifoka kwenye simu. "Nakuja Jumapili kuwapima hao nyoka. Kama huyo bwana ni tapeli, atanitambua!"

Bi Eudelia alimpigia Harlan kumweleza, na sauti yake haikuwa na raha. "Wewe njoo tu kama kawaida," alisema. "Mimi najua la kufanya."

Harlan hakupata usingizi. Crispín akigundua, hakuna tena kahawa wala Jumapili wala Eudelia. Akawazungukia wafugaji wa Sanderson mpaka akampata mmoja mwenye jike wa rangi ileile, mkaidi asiyetaka kuuza. Mwishowe wakabadilishana: Harlan akamwachia Sajenti, na juu yake jenereta. Alimuaga Sajenti machozi yakimlengalenga, akaondoka na bibi harusi mgeni.

Na sasa alikuwa mlangoni. Bi Eudelia alifungua, midomo ameipaka rangi.

"Malkia kanenepa," alisema akichungulia foronya.

"Ni raha tu, Bi Eudelia. Na Jenerali je, mbona kajificha?"

"Kaamka vibaya. Usimguse."

Mezani Crispín alikuwa akikipaka mafuta kijiti chembamba cha chuma. Hakusimama kumsalimu mgeni.

"Unakiingiza hapa chini ya mkia," alisema. "Kikizama sana, dume. Kikikwama karibu, jike. Hiki hakidanganyiki kama dada yangu. Lete nyoka wako, bwana."

Harlan akamtoa. Crispín akaushika mkia, akasukuma taratibu. Kijiti kikakwama karibu.

"Jike," alisema kwa shingo upande. "Haya, bwana, niwie radhi."

Harlan alishusha pumzi, akamgeukia Bi Eudelia apokee tabasamu lake. Bi Eudelia alikuwa amesawajika kabisa.

"Pima tena," alisema.

"Nimeshapima. Ni jike, tena jike hasa. Lete Jenerali."

"Jenerali wa nini? Chakula kinapoa."

"Dada!"

Crispín akaenda kumtoa mwenyewe. Akapima. Akavaa miwani, akapima tena. Akampa kisogo dada yake, akapima mara nyingine.

"Huyu naye jike," alisema.

Harlan alimkodolea macho nyoka yule mkononi mwa Crispín.

"Haiwezekani!" alisema. "Jenerali ni dume! Nani asiyeona madume wakipigana..." Akajiziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Bi Eudelia akaweka kikombe chini.

"Harlan Tidwell," alisema, "nimekwenda mpaka Marfa kumtafuta huyu jike, kwa sababu nilijua wako ni dume tangu Jumapili ya kwanza. Sasa huyo dume wako umempeleka wapi?"

Crispín akamtazama dada yake, akamtazama mgeni, akakifuta kijiti chake taratibu.

"Vuta kiti, shemeji," alisema.