Akiba ya Mshono

Hidaya aliliweka gauni juu ya cherehani kwa mara ya tatu mwezi ule. "Libane tena, Bi Siwatu."

Bi Siwatu alimzungushia futi kiunoni. Namba aliyoisoma hakuipenda.

"Umekula leo, mwanangu?"

"Nimekunywa chai." Macho ya Hidaya yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye bango la duka jipya la nguo. Binti wa bangoni alivaa gauni kama lile, na kiuno chake kingeenea ndani ya viganja viwili. "Na ile akiba ya ndani uikate. Inaninenepesha."

Kila gauni alilolishona, Bi Siwatu alilibakizia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, maana mwili wa mwanamke huumwa ukapona, hubeba mimba, hunawiri.

"Nikiikata, halitafumulika tena likaongezwa."

"Kata tu, Bi. Sitarudi kwenye unene ule."

Cherehani ikalia, kisha mkasi ukapita. Vipande viwili vyembamba vikaanguka sakafuni. Hidaya akalivaa, likamkaa barabara, akacheka, kisha akaishika meza kwa mikono miwili mpaka kizunguzungu kilipompita.

Ng'ambo, wanaume wawili juu ya ngazi walikuwa wakimbandua binti yule na kumbandika mwingine. Bi Siwatu aliiona miguu yake, halafu kiuno, chembamba kuliko cha yule wa kwanza. Akaharakisha kuvuta pazia la mlango.

Hidaya alikwisha kugeuka. Alitazama, na polepole vidole vyake vikalifinya gauni ubavuni, pale alipoona bado linapwaya.