Mkeka wa Sekela

"Usiniambie mwanangu hajui kucheza, Mwalimu. Nyumbani anacheza saa mbili kila siku, kwa ratiba."

"Kwa ratiba, Mama Sekela?"

"Kwani wengine wanafaulu vipi?"

Siku hizi mtoto wa chekechea hafanyi mtihani. Anacheza juu ya mkeka unaompima na kumpa alama, na mkeka ndio unaompangia shule ya msingi. Sekela alipata tisini na nane, lakini Mwalimu Kidawa alikataa kusaini matokeo. Nilikuwa nimekuja kumwambia asituchezee.

Hakubishana. Aliniwashia rekodi ya mkeka kwenye kiwambo.

Nilimwona Sekela akipika ugali wa mchanga kwenye kifuu. Aliwapakulia wenzake, akauliza nani hajashiba, akacheka mara tatu. Yote nilimfundisha mimi, jikoni kwangu, huku nimeshika saa. Kisha mtoto mmoja akaukalia ugali, na wote wakaangua kicheko. Sekela hakucheka. Aliinamia mkeka akasema polepole, "Samahani, mama. Naanza upya."

Sikuweza kumtazama Mwalimu usoni.

"Shule kubwa itampokea," alisema. "Ukisisitiza, nasaini sasa hivi."

"Futa. Abaki kwako mwaka mwingine."

"Mzazi ndiye anayefuta."

Nikaweka kidole gumba kwenye kiwambo, na alama zote zikatoweka.

Sekela alikuwa akinisubiri mlangoni. Nikamwambia leo hakuna mazoezi, acheze anavyotaka. Alinitazama kwa makini, akijaribu kujua ninataka nini. Kisha akacheka mara tatu.