Uwatu wa Radhia

"Umejifungia tena?" Bi Ruqaya aligonga mlango kwa kiganja. "Jua lote hili, we mtoto wa watu, unafanya nini humo?"

"Nakuja, Mama."

Hakuja. Mwezi wa tatu huu mambo yalikuwa hayohayo. Kila baada ya saa chache Radhia aliacha sufuria jikoni, akaingia chumbani, akapiga ufunguo, na kwa dakika ishirini hakuwa na habari na mtu. Akitoka, mtandio ameuzungusha kifuani na uso umemkunjamana kwa maumivu.

Mama mkwe alikuwa na maelezo yake, na alishayasambaza Nyakabiga nzima: mke wa Sleiman amerukwa na akili. Na ukimsikiliza, haki ya Mungu, ungemwamini. Mara tatu walikwenda Kampala, mara tatu madaktari wakampandikizia mimba, na zote tatu hazikushika. Kiwanja chao cha Kajaga kikauzwa kulipia gharama. Baada ya ile ya mwisho Sleiman alihamishia godoro lake chumba cha wageni, akawa anamsalimu mkewe kama mpangaji. Radhia alilia wiki tatu mpaka sauti ikamkauka. Kisha siku moja akanawa uso, akatoka nje, na huyo, akaanza upya na vidonge!

Vidonge aliletewa na Dévote, muuguzi wa jirani, yuleyule aliyekuwa akimchoma sindano za Kampala. Tena wiki mbili hizi, kila alasiri, wawili hao walikodi teksi kwenda Buterere na kurudi magharibi, viatu vimejaa matope ya mashamba ya mpunga. Buterere kuna nini? Kuna mganga, watu wakasema. Radhia hakubisha. Waseme, midomo ni yao.

Asubuhi ya Ijumaa Bi Ruqaya alimkuta jikoni anakoroga bakuli. Akainama, akanusa.

"Uwatu? Hiki si kinywaji cha wazazi? We umezaa nini, Radhia? Umezaa upepo?"

Mtu asikuongopee kwamba hakuumia. Aliumia sana. Lakini alikunywa wote, akaosha bakuli, akalifudikiza mahali pake.

"Mi nimeacha kungoja mimba, Mama. Hilo limekwisha."

"Sasa vidonge vya nini?"

"Vya kwangu."

Jeuri hiyo! Bi Ruqaya akashika mdomo, asiamini masikio yake. Haidhuru, akajiambia, leo atanyamazishwa. Baada ya swala angekuja Ami Azhar, ami yake Sleiman, msomi wa dini katika ukoo mzima, na akishasema yeye hakuna wa kuongeza. Sleiman anaoa. Mke mpya atakaa chumba cha mbele. Radhia atahamia cha uani, au akipenda arudi kwao.

Yote hayo Radhia aliyajua. Chumba wachukue. Na mume, kama ameshindwa hata kufungua mdomo, naye wamchukue. Yeye alitaka kitu kimoja tu: mtoto wa kumwita mama, wake kabisa, ambaye hakuna mtu angeweza kumwambia kesho kwamba si wake.

Saa nane walikaa sebuleni. Ami Azhar alifungua kwa dua, akapitia kwenye subira, akafika kwenye uke wenza taratibu, kwa maneno laini. Sleiman alichezea tasbihi na kutazama zulia.

"Bon, nimesikia," alisema Radhia. "Sleiman, oa. Mi sitakuzuia, na machozi yangu huyaoni tena. Lakini na mi kuna mutu wangu nataka mumuone."

Akafungua mlango. Dévote alikuwa amesimama barazani na kitoto kichanga mikononi.

Bi Ruqaya aliinuka. "Huyo mutoto wa nani?"

"Mama yake alifariki akimzaa, kule Buterere. Hakuna ndugu aliyejitokeza. Anaitwa Amjad, jina nimempa mimi. Karatasi za ulezi nimeshasaini kwenye ofisi ya komine, ninamlea."

Ami Azhar alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

"Kulea yatima ni thawabu, binti yangu, wala sikukatazi. Lakini kuwa mwanao, apana. Huyu akibalehe utajifunika mbele yake kama mbele ya mwanamume yeyote wa barabarani. Hiyo ni dini, si mimi."

"Hakuna njia yoyote, Ami?"

"Iko moja, ila kwako haipo. Mtoto mchanga akinyonya kwa mwanamke mara tano, kila mara akashiba, huyo ni mwanawe, na hakuna wa kulitengua hilo." Akashusha pumzi. "Sasa we, maskini, maziwa utayatoa wapi?"

Bi Ruqaya akacheka kwa sauti. Mtoto akashtuka, akaanza kulia.

Radhia alimpokea kwa Dévote, akaketi kwenye kiti cha katikati, akashusha mtandio ukamfunika mtoto wote. Kilio kikakatika. Kila mtu akasikia kitoto kikimeza, funda baada ya funda.

"Miezi mitatu ya vidonge, uwatu na kujikamua, maziwa yakaja. Mara ya tano ilitimia Jumatatu ya wiki iliyopita, Ami," alisema. "Tangu hapo sihesabu tena."